Ziwa la Mjini Husafishwa Kuanzia Mtaroni

Samaki wa ziwa lililochafuka hufa alfajiri. Aliyewahi kufika ukingoni saa kumi na moja, giza likiwa halijaachia vizuri, anaijua picha hiyo: vinywa vinafunguka na kufumba juu ya maji, mamia kwa mamia, kila samaki akigombea ule utando mwembamba wa juu ambao bado una hewa. Jua likishapanda, wengi wao wamekwisha kugeuka tumbo juu na upepo unawasogeza taratibu kwenye matete. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo niliamini kuna mtu aliyemwaga sumu usiku. Waliokuwa nami pale waliamini hivyohivyo, na ubishi wote ukawa ni kiwanda kipi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba huenda usiku ule hakikumwagwa kitu. Ziwa lilikuwa limejaa mwani. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini usiku huivuta kama kiumbe mwingine yeyote anayepumua. Ukiwa mwingi kupita kiasi, akiba huisha kabla ya mapambazuko, na anayelipa ni samaki.

Tangu hapo sina imani na mjadala wa ziwa unaoanza kwa kumsaka mkosaji wa jana usiku. Vifo vile vilipikwa kwa miaka mingi, na kila nyumba ya mji ule ilichangia kuni.

Kuni zenyewe zinapimika. Mwili wa mtu mzima hutoa takriban gramu 1.5 za fosforasi, kirutubisho kilekile kilichomo kwenye mbolea, kwa siku, sehemu kubwa ikiwa kwenye mkojo. Ni kiasi kisichojaa hata kijiko. Lakini chukua eneo la mji lenye watu 100,000 ambalo maji taka yake yanaishia ziwani bila kutibiwa: hapo ziwa linapokea kilo 150 kila siku, karibu tani 55 kwa mwaka, na sabuni ya kufulia bado hatujaihesabu. Kilo 1 ya fosforasi inaweza kuotesha hadi kilo 500 za mwani mbichi. Mkulima anayenunua mbolea kwa kuhesabu sarafu angeshangaa kuona jinsi tunavyolirutubisha shamba tusilotaka lizae.

Kwa nini fosforasi, wakati maji taka yana mambo mengi? Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake walilitenga ziwa moja dogo la Kanada katikati kwa pazia la plastiki. Ziwa hilo, ambalo walilijua kwa namba yake tu, 226, liko kwenye misitu ya Ontario, mbali na miji. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo hivyo, wakaongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza sehemu kubwa ya ubishi wa wakati ule: nusu ya ziwa imebaki na rangi yake ya giza, nusu ni kijani kitupu, na mpaka kati yao umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Wapo wataalamu wanaosisitiza kwamba naitrojeni nayo isisahaulike, hasa kwenye maziwa ya kina kifupi, na wana hoja. Lakini kwa mji unaojiuliza uanze na nini, jibu la Ziwa 226 bado linasimama.

Sasa tazama fedha za kuokoa maziwa ya mijini zinavyotumika. Kinachotangulia mara nyingi ni katapila la kuzoa tope, boti ya kukusanya takataka, chemchemi ya kurusha maji yenye taa za rangi, njia ya waenda kwa miguu na mabenchi. Hivyo vyote vinaonekana. Kiongozi anaweza kusimama mbele yake, akakata utepe, akapigwa picha. Bomba kuu la maji taka linapita chini ya ardhi, linachukua miaka, linafunga barabara, linaudhi wafanyabiashara, na likikamilika hakuna cha kuonyesha isipokuwa mifuniko ya chemba. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoja yangu ni kwamba miji mingi haikosi fedha wala utaalamu wa kuokoa ziwa lake, inakosa mpangilio. Inaanzia mwisho. Na kwa ziwa, kuanzia mwisho ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa sababu tope jipya na mwani mpya vinaingia kwa mdomo uleule ambao haukuzibwa.

Mji wa Seattle, Marekani, ulianzia mwanzo, na ndiyo maana kisa cha Lake Washington kinafundishwa hadi leo. Katika miaka ya 1940 na 1950 mitambo kadhaa ya maji taka ilijengwa kuzunguka ziwa hilo na kumwaga humo maji yaliyokwisha kutibiwa. Nasisitiza, yaliyokwisha kutibiwa. Mwaka 1955 W. T. Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikuta majini aina ya mwani ambayo ilikuwa imeonekana pia kwenye Ziwa Zürich la Uswisi lilipoanza kuharibika. Walisema wazi ziwa lilikuwa linaelekea wapi. Mwaka 1958 wakazi walipigia kura mpango wa kuunganisha miji ya eneo hilo chini ya mamlaka moja ya maji taka. Kura ya kwanza ilishindwa, ya pili ikapita. Kuanzia 1963 hadi 1968 maji taka yote yaliondolewa ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jicho lilikuwa likiishia takriban mita 1 chini ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilifika takriban mita 3. Mwaka 1976 viroboto-maji, vidudu vidogo vinavyokula mwani, vikaongezeka, na maji yakazidi kung'aa. Hakuna aliyezoa tope wala kumwaga dawa.

Kuna mambo mawili kwenye kisa hicho ambayo wasimuliaji huyapita haraka. La kwanza ni lile neno yaliyokwisha kutibiwa. Mtambo wa kawaida wa maji taka hujengwa kuondoa uchafu unaooza na kupunguza vijidudu vya magonjwa. Fosforasi nyingi hupita humo kama mgeni asiyesimamishwa mlangoni. Kwa hiyo mji unaweza kujenga mtambo, kuufungua kwa shangwe, na bado ziwa likaendelea kuwa kijani, kwa sababu mtambo haukupewa hatua ya ziada ya kukamata fosforasi, ama kwa chumvi za chuma au aluminiamu, ama kwa bakteria wanaotunzwa kwa kazi hiyo. Kwenye mkataba wa mtambo wowote unaomwaga maji ziwani, hicho ndicho kipengele cha kwanza ninachotaka kukisoma. La pili ni kwamba maji yale ya Seattle yalipelekwa kwenye mkono wa bahari. Ziwa lilipona, lakini mzigo ulihamishwa. Mji usio na bahari ya kuupokea mzigo wake hauna budi kuutua mwenyewe.

Na Lake Washington lilikuwa na bahati. Lina kina cha mita 65 sehemu yake ya chini kabisa, na maji yake hubadilika yote kwa muda usiozidi miaka 3. Maziwa mengi ya mijini si hivyo. Ni sahani pana zenye kina cha mita 2 au 3, maji yake yanakaa, na chini yake kuna miongo ya uchafu uliotulia. Hayo hayaponi kwa kufungiwa bomba peke yake.

Ziwa Trummen, katika mji wa Växjö nchini Sweden, lilionyesha hivyo. Ni ziwa la kilomita ya mraba 1 hivi, la kina kifupi sana. Maji taka ya mji na ya kiwanda yalikatwa mwaka 1958. Watu wakasubiri. Muongo mzima ukapita na ziwa likabaki supu, samaki wakifa. Sababu ilikuwa chini: tope jeusi lililojaa fosforasi ya miaka ya nyuma. Fosforasi ikiwa kwenye tope lenye oksijeni hushikwa na chuma, hukaa kimya. Oksijeni ikikatika, chuma hubadilika na kuiachia, nayo hupanda juu kuulisha mwani, mwani hufa na kuzama, ukioza hula oksijeni, na chuma huachia zaidi. Ziwa linakuwa limejitosheleza kwa uchafu. Halihitaji hata mji. Mwaka 1970 na 1971 mashine ya kunyonya iliondoa tope la nusu mita kila mwaka, mita 1 kwa jumla, na ziwa likabadilika.

Wanaopenda katapila hunionyesha Trummen kama ushahidi wao. Mimi nawarudisha kwenye tarehe. Tope lilizolewa miaka 12 baada ya mabomba kufungwa. Lingezolewa wakati maji taka bado yanaingia, wangekuwa wamechimba shimo refu zaidi la kuyapokea. Halafu tope la ziwa la mjini mara nyingi si udongo wa kumwaga popote: linaweza kubeba risasi, zebaki, kromiamu na mafuta ya gereji. Lazima lipimwe kabla ya kuguswa, na mahali pa kulipeleka pajulikane kabla mashine haijawashwa. Palipo na fosforasi nyingi bila sumu hizo, kuna njia ya kuifungia hukohuko chini kwa shabu, ileile waliyotumia wazee kutuliza maji ya mtungi, ikitiwa kwa vipimo vya wataalamu. Nayo inafanya kazi pale tu mlango wa juu ukishafungwa. Mambo ya vijidudu vya miujiza vinavyouzwa kwa madumu, kwamba vikimwagwa vitakula kila kitu, nayaweka pembeni hadi muuzaji atakapoonyesha vipimo vya fosforasi vya kabla na baada, vya miaka, si vya wiki.

Kitu kingine chenye nguvu kwenye ziwa la kina kifupi ni mimea ya chini ya maji. Ziwa kama hilo lina tabia mbili, na hung'ang'ania ile iliyomo. Likiwa angavu, mwanga unafika chini, mimea inaota, inashika tope, inawapa viroboto-maji maficho, na maji yanazidi kuwa angavu. Likishakuwa kijani, mimea hukosa mwanga na kufa, tope linalegea, na samaki wanaochokonoa chini wakitafuta chakula hulitibua kutwa nzima. Ndiyo maana kupunguza uchafu kidogo kunaweza kusilete badiliko lolote la kuonekana kwa miaka, hadi kizingiti kivukwe. Wataalamu waliofuatilia maziwa mengi wanasema tope huchelewesha kupona kwa kawaida miaka 10 hadi 15. Muda huo ni mrefu kuliko wa diwani, wa meya, na wa mfadhili. Anayewaahidi wananchi maji angavu katika miezi 18 anawaandalia kukata tamaa, na watu waliokata tamaa na ziwa lao hugeuka kulifanya jalala.

Kukawia nako kuna gharama. Huko Bengaluru, India, ziwa la Bellandur lilipokea maji taka ya mji uliokua haraka kuliko mabomba yake, hadi povu jeupe likawa linapeperuka barabarani, na mwaka 2017 moshi ukapanda kutoka ziwani. Ziwa liliwaka moto. Mwaka 2007, miaka 10 nyuma, tukio la ziwa Taihu nchini China lilikuwa limekwisha kuonyesha upande mwingine wa hatari: mwani ulifunika eneo la kuchotea maji, na zaidi ya watu milioni 2 wa mji wa Wuxi wakakosa maji ya bomba ya kunywa kwa siku kadhaa. Baadhi ya mwani hutoa sumu inayoshambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Kabla ya kumwita mshauri yeyote, fanya jambo moja. Simama kwenye mdomo wa mtaro mkubwa unaoingia ziwani siku ambayo mvua haijanyesha kwa wiki mbili. Kama ni mtaro wa maji ya mvua kweli, unapaswa kuwa mkavu. Ukikuta maji ya kijivu yanatiririka, povu limekwama kwenye kona, utando wa mafuta unabadilika rangi na nyuzi nyeupe za ukungu zimeshika kwenye saruji, umekwisha kupata jibu bila maabara: kuna vyoo, mabafu na karakana zilizounganishwa kimyakimya kwenye mtaro usio wao. Ukirudi saa za asubuhi watu wanapooga utaona maji yanaongezeka. Kutoka hapo kazi ni ya miguu. Mafundi wanapanda na mtaro, chemba moja baada ya nyingine, wanatia rangi isiyo na madhara chooni na kuangalia itatokea wapi. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sherehe, na kwa maoni yangu hakuna shilingi, rupia wala dola inayoliletea ziwa faida kubwa kuliko ile inayomlipa fundi huyo.

Mvua ya kwanza nayo ina hesabu yake. Inaosha mji mzima kwa nusu saa: vumbi la matairi, mafuta, kinyesi cha wanyama, takataka za plastiki, vyote vinafika ziwani katika mkupuo wa mwanzo. Mabwawa madogo ya kutuliza maji kabla ya ziwa, vichungi vya mchanga na mikanda ya matete hukamata sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini bwawa la kutuliza lisipozolewa tope hujaa na kuwa njia ya kupitia tu. Matete nayo yasipovunwa huoza palepale na kuirudisha mbolea majini. Kila kitu tunachokijenga kando ya ziwa ni kama jiko: kinataka kuondolewa majivu.

Hapa nina neno la uchungu. Mara ngapi mradi wa kuokoa ziwa umeanza kwa kubomoa vibanda vya watu maskini wa ukingoni? Ni kweli hawana mfumo wa maji taka, na mashimo yao hujaa mvua ikinyesha. Ni kweli pia kwamba ukingo unahitaji nafasi ya kupumua. Lakini weka mzigo kwenye mizani. Bomba kuu la mitaa yenye lami na majumba ya ghorofa linalovuja au kumwaga ziwani linabeba uchafu wa maelfu ya kaya, na halibomolewi kwa sababu halionekani. Halafu maji yakianza kung'aa, thamani ya viwanja hupanda, na aliyevumilia harufu kwa miaka 20 hupewa notisi kumpisha anayekuja kutazama machweo. Mradi ambao haukuwapa wakazi hao vyoo, haki ya kukaa na kazi ya kutunza ziwa haujaokoa ziwa. Umelihamishia mikononi mwa wengine.

Kwamba watu na maji taka wanaweza kuishi kwa heshima, mabwawa ya mashariki mwa Kolkata, India, yanaonyesha. Ardhi oevu hiyo ya hekta 12,500, iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, hupokea maji taka ya mji, jua na mwani huyasafisha kwenye mabwawa ya kina kifupi, na wavuvi hufuga humo samaki. Maarifa yenyewe yalijengwa na wafugaji wa samaki wa hapo, vizazi kwa vizazi. Leo kinachoyatishia zaidi ni majengo yanayoyasogelea.

Swali linalobaki ni nani mwenye ziwa siku ya kawaida, siku isiyo na mradi. Mara nyingi ofisi moja inashika maji, nyingine samaki, nyingine mitaro, nyingine viwanja vya ukingoni, na kila moja inangoja mwenzake. Watu wa Seattle hawakuanza na bomba. Walianza na kura ya kuunda mamlaka moja. Na mamlaka isiyo na fungu la kila mwaka ni bango tu. Fungu hilo litoke kwenye bili ya maji na maji taka, liwe dogo, la kudumu, lisiloweza kuhamishiwa kazi nyingine, kwa sababu msaada wa mfadhili huisha siku yake na ziwa huendelea kupokea mvua.

Wananchi wakitaka, sheria hufuata. Ziwa Biwa la Japani lilipopata wekundu wa mwani mwaka 1977, akina mama wa mkoa wa Shiga waliongoza kampeni ya kuacha sabuni za kufulia zenye fosfati na kurudia sabuni ya unga isiyo nayo. Mwaka 1979 mkoa ukapitisha sheria ya kuzipiga marufuku. Wale akina mama hawakungoja fidia wala semina. Walianzia kwenye beseni la nguo.

Lakini hata ushindi huchakaa. Ziwa Erie liliwahi kuitwa ziwa lililokufa, na Marekani na Kanada ziliwekeana mkataba mwaka 1972, zikabana fosforasi ya mitambo ya maji taka, na maji yakapata nafuu kubwa. Kisha fosforasi iliyoyeyuka kutoka mashambani ikaingia kwa mlango mwingine, mwani ukarudi, na Agosti 2014 watu wapatao 400,000 wa mji wa Toledo, Marekani, na vitongoji vyake wakaambiwa wasinywe maji ya bomba. Kama si vipimo, wangeyanywa.

Kwa hiyo mimi naomba vipimo kabla ya chemchemi za taa. Kipo kimoja kisichohitaji umeme: sahani ya sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, iliyofungwa kamba yenye alama. Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia, alifanya majaribio ya sahani kama hiyo baharini mwaka 1865. Unaishusha kwa upande wa kivuli wa mtumbwi hadi ipotee machoni, unaivuta hadi ionekane tena, unaandika wastani wa vina hivyo viwili. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya kila wiki, mahali palepale, saa ileile. Namba hiyo iandikwe kwenye ubao mkubwa pale watu wanapopumzikia. Pembeni yake iandikwe fosforasi ya mwezi huo kutoka maabara, na chini yake idadi ya viunganisho haramu vilivyopatikana mtaroni na vingapi vimefungwa. Kisha ofisi inayohusika iweke namba yake ya simu hapo hapo, ili mwenye kusoma ubao huo asubuhi ya samaki kufa ajue ampigie nani.